Pombe mbele za watu Uganda: yanayomkwamisha mgeni kutoka Malaba hadi Mutukula

Anayevuka mpaka wa Malaba saa tatu asubuhi hukutana na jambo ambalo humpotosha safari nzima. Mbele ya duka watu wameketi kwenye viti vya plastiki, chupa za bia mezani, na askari anapita zake bila kusema neno. Kama mgeni ametoka Kenya, ambako tangu sheria ya vileo ya 2010 baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku, basi papo hapo anaamua kwamba Uganda pombe haina sheria. Sisi tunaopokea wageni kwenye njia hii, madereva wa malori, wafanyabiashara, watu wa harusi, tumewaona wengi wakianza na wazo hilo na kulilipia mbele ya safari. Wengine wamelipa kwa fedha, wengine kwa aibu mbele ya wakwe, na wachache kwa macho yao.

Sheria ipo. Sheria ya vileo ya Uganda ni ya 1960, ya kabla ya uhuru, nayo inataka muuzaji awe na leseni. Kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Pombe kali za kienyeji zina sheria yao ya miaka ya 1960, nayo tutaifikia. Kisicho na nguvu ni saa. Mbunge Sarah Opendi alipeleka bungeni muswada wa kubana saa za kuuza, jioni tu kwa siku za kazi, na Novemba 2024 bunge likaukataa. Hoja kubwa ilikuwa ajira na kodi. Usidhani lakini kwamba serikali haiwezi kufunga baa ikitaka. Zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi 24 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili watu walikunywa kwa kujificha, na waliokamatwa walikamatwa kweli. Wenye baa wa Kampala bado wanaizungumzia miaka ile kama watu walionusurika mafuriko.

Kwa hiyo mwenyeji hatazami saa. Anatazama mahali: ua huu ni wa nani, chungu hiki ni cha nani, nani yuko karibu. Mgeni asiyejua kuuliza hayo ndiye anayeharibu.

Tuanze na kile anachokiona kwanza, kafunda. Hiki ni kibaa kidogo, mara nyingi ni duka la kawaida lenye friji moja na viti vinne nje, kreti tupu likigeuzwa kuwa meza. Hapo kunywa mbele ya barabara ni jambo la kila siku na hakuna atakayekutazama mara mbili. Mhudumu atakuuliza kama unataka ya baridi au ya moto, atakuletea chupa pamoja na karatasi laini ya kufutia mdomo wa chupa, na ataifungua mbele yako. Hilo la kufunguliwa mbele yako lishike sana. Chupa ikifika mezani imeshafunguliwa, irudishe, hata kama mhudumu atanuna. Watu hutiliwa dawa za usingizi kwenye vinywaji na kuamka bila simu wala pochi, na kinachotokea Kabalagala, mtaa wa starehe wa Kampala, kinaweza kukupata Mbarara. Ukienda msalani, maliza kwanza ulichonacho au agiza kingine ukirudi. Mrija kwenye chupa ya bia usikushangaze, hasa kwa akina mama. Ni kawaida, wala si dharau wala ugonjwa.

Kafunda lina mipaka yake hata hivyo. Ukiinuka na chupa ukaanza kutembea nayo mtaani, mwenye duka atakuita kabla ya askari yeyote, kwa sababu chupa ya kioo ina amana. Ukitaka kuondoka nayo, lipia chupa au acha nyingine tupu mahali pake. Ukishaondoka nayo sasa umebadilika machoni pa watu: mlevi anayetembea na chupa ni mtu wa kuepukwa, na mbele ya msikiti au kanisa la walokole ni mtu wa kufukuzwa. Uganda ina Waislamu wengi mijini, na mji kama Bombo, wenye Wanubi, una heshima yake. Ijumaa mchana na mwezi wa Ramadhani, ukae ndani. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nacho kina mahali pake. Wenyeji huita nyama yenyewe kwa Kiingereza bila kuficha, na bia inakwenda nayo moja kwa moja, lakini kama miongoni mwenu kuna Mwislamu usimburute akae hapo kwa sababu tu "ni baa".

Jambo la nguvu ya bia huwadanganya Wakenya na Watanzania sawasawa. Chupa ya kawaida ni ya mililita 500. Nile Special ina asilimia 5.6 ya pombe, maana yake kila chupa imebeba mililita 28 za pombe tupu. Tusker ya Kenya yenye asilimia 4.2 na ujazo huo huo ina 21. Aliyezoea kunywa Tusker tatu akaenda nyumbani kwa miguu yake, akinywa Nile tatu amekunywa sawa na nne za kwao. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu mzima ashangae kwa nini leo ameteleza.

Sasa malwa. Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa, na ndipo wengi pia hupata marafiki wa kudumu, basi tukae kidogo.

Malwa ni pombe ya ulezi. Wateso wanaiita ajono, na huna haja ya kwenda mbali kuipata. Ukishaingia Tororo iko kila upande, na Kampala kuna vikundi vya malwa katika maeneo kama Naguru na Nakawa. Unga wa ulezi hulowekwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa kwenye bati kubwa mpaka uwe na rangi ya kahawia, hukaushwa, halafu huchanganywa na maji na kimea cha ulezi ili uive. Kinachouzwa ni machicha hayo mazito, kwa kipimo cha kopo. Yanamiminwa chunguni, yanamwagiwa maji ya moto, mnasubiri kidogo, kisha kila mtu anashusha mrija wake mrefu. Ncha ya mrija ina kichujio, cha kusukwa au cha chuma chenye matundu, kinachozuia makapi.

Mrija ukiziba, na utaziba, mgeni hufanya kile ambacho akili inamwambia: anapuliza. Mapovu yanapanda juu ya chungu na mazungumzo yanakatika ghafla. Umewatemea wenzako wote kwenye kinywaji. Mmoja wa wageni wetu, mtu mzima mwenye adabu zake kutoka Arusha, alipuliza mara moja tu. Hakuna aliyemgombeza, ila mzee aliyekuwa karibu naye aliutoa mrija wake polepole, akaufuta, akausimamisha ukutani. Wengine wakafuata. Alilazimika kununua kopo jipya na maji mapya kabla ya mirija kurudi chunguni, na hakukuwa na mtu aliyemwambia afanye hivyo. Alijiongeza mwenyewe. Njia sahihi ni kuuchomoa mrija taratibu, kugeuka pembeni, kugongagonga ncha na kuisafisha kwa kidole, kisha kuurudisha.

Mengine ya chunguni: shika mrija kwa mkono wa kulia. Usiinamie kuchungulia ndani ya chungu. Ukisikia chafya inakuja, achia mrija na ugeuke kabisa. Usibadilishe mahali ulipoketishwa, maana mwenyeji amekupanga kwa umri na ukoo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawanywi chungu kimoja, na ukiwa umeoa Teso usingoje kuambiwa, keti kwenye kundi jingine. Vikundi vya mjini vina mwenyekiti, mweka hazina na faini: faini ya kugombana, ya kutukana, wakati mwingine ya kuchelewa kulipa mchango. Mgeni huingia kwa mwanachama, hulipa mchango wake mapema, na humsalimu mwenyekiti kabla ya kukaa. Tangu korona watu wengi wanakuja na mirija yao wenyewe. Ukipanga kunywa zaidi ya mara moja, nunua wako, uvute maji ya moto ndani yake kabla na baada ya kunywa, na uukaushe ukiwa umesimama. Mrija uliolazwa ukiwa na unyevu hufanya ukungu ndani, na hiyo harufu haitoki.

Hatari ya malwa ni kwamba huwezi kuhesabu. Hakuna chupa tupu mezani. Maji ya kwanza yanatoa pombe nzito, ya pili bado ina nguvu, na kuanzia ya nne mnavuta maji yenye ladha tu, mpaka mtu aongeze kopo jipya na nguvu irudi bila wewe kugundua. Aliyekaa toka saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku hawezi kukwambia amekunywa kiasi gani, na huyo ndiye anayechukua funguo za gari akisema "ni uji tu". Kula kwanza. Tazama jua, usitazame chungu.

Pombe nyingine laini tuzipite haraka. Tonto ni ya ndizi, hukamuliwa kwa miguu na nyasi, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa kwenye mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya migomba. Ina utamu unaoficha nguvu yake, na tatizo lake kubwa ni maji yasiyochemshwa ambayo wauzaji huongezea. Tumbo likikuvuruga kesho yake usilaumu ndizi. Kwete ni ya mahindi, utaikuta sana West Nile. Kabale kuna omuramba wa mtama. Mchaga aliyezoea mbege atajisikia nyumbani na zote hizi. Kanuni ni moja: mwenye pombe huonja kwanza mbele yako. Asipoonja, huna kosa ukimwomba kwa upole aonje.

Pombe kali ni habari nyingine, na hapa hatutanii.

Waragi ndiyo pombe kali ya Uganda. Wa kiwandani una lebo, una stempu ya kodi, na una asilimia 40. Tangu 2019 hauruhusiwi kuuzwa kwenye vipakiti vya plastiki, na chupa ndogo kabisa inayoruhusiwa ni ya mililita 200. Tanzania ilishapiga marufuku viroba tangu 1 Machi 2017, kwa hiyo Mtanzania analijua jambo hili. Piga hesabu kidogo: chupa hiyo ya mililita 200 inayoingia mfuko wa shati ina mililita 80 za pombe tupu, karibu sawa na Nile Special tatu. Kijana anayeimaliza stendi akisubiri basi amekunywa bia tatu kwa dakika kumi. Na ukikutana na kipakiti leo, kwenye kibanda chochote, kimetengenezwa na mtu ambaye tayari anavunja sheria. Jiulize amevunja ngapi nyingine.

Waragi wa kienyeji ndio unaoitwa enguli, lira-lira au, huko Lango na Acholi, arege. Kisheria enguli hutengenezwa kwa leseni tu, na lengo la sheria lilikuwa watengenezaji wauze kwa kiwanda kilichosajiliwa kikaisafishe upya. Kwa vitendo inapikwa kwenye mapipa kando ya mito na vinamasi na kuuzwa kwa dumu mpaka kwenye glasi. Mgeni anaiona inauzwa mchana kweupe, anadhani imeruhusiwa. Haijaruhusiwa, imezoeleka tu.

Pombe iliyopikwa vizuri na bibi anayejua kazi yake itakuumiza kichwa na kukuacha. Inayoua ni iliyochanganywa na methanol, spiriti ya viwandani ambayo mfanyabiashara huinunua kwa bei rahisi ili kuongeza ujazo. Aprili 2010, kusini magharibi, hasa Kabale, watu zaidi ya 80 walikufa kwa wiki chache kwa waragi wa namna hiyo. Agosti 2022 Arua nayo ilipoteza watu, na safari hiyo kinywaji kilikuwa kwenye chupa yenye lebo. Kwa hiyo lebo peke yake si kinga. Tazama muhuri wa kifuniko, stempu, na kama maandishi yamechapwa vizuri au yamebandikwa yakapinda.

Watu watakwambia uwashe kwa kiberiti: moto wa bluu ni salama, wa njano ni sumu. Achana nayo. Methanol inawaka kwa moto hafifu wa bluu usioonekana mchana, na ikichanganyika na pombe ya kawaida huwezi kutofautisha. Harufu haikusaidii, ladha haikusaidii. Mililita 30 tu zinaweza kuua mtu mzima, na chini ya hapo zinaweza kupofusha. Kibaya zaidi, haionyeshi upesi. Mtu analewa kama kawaida, analala, anaamka na kile anachodhani ni uchovu wa pombe. Dalili za hatari huja saa 12 hadi 24 baadaye: macho yanaona ukungu, au weupe kama mtu yuko ndani ya moshi, kichwa, tumbo kukaza, kutapika, kuhema haraka. Akiwa amekunywa na bia pamoja, dalili huchelewa zaidi, kwa sababu ini hushughulikia pombe ya kawaida kwanza.

Neno "ukungu" likitoka mdomoni mwa mtu aliyekunywa jana, msijadili. Mpelekeni hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu, si zahanati. Chukueni chupa au dumu lenyewe, hata kama limebaki tone. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mnashuku methanol, mwambieni saa mliyokunywa, na walete wote waliokunywa naye, hata walio wazima. Tumeshaona ndugu wakificha kwa sababu ya aibu, mgonjwa ni mlokole au ni mtoto wa shehe, wakasema ni malaria. Kila saa inayopotea hapo inahesabiwa kwenye macho. Na maziwa, ndimu na supu ya mbuzi haviondoi methanol.

Sasa barabarani. Huku ndiko askari asiyesema neno pale kwenye kafunda anapokuwa mtu mwingine kabisa. Operesheni ya kupima pumzi inaitwa kawunyemu, na jina hilo kila dereva wa Kampala analijua. Huwekwa usiku, hasa mwisho wa wiki na sikukuu, kwenye barabara zinazotoka maeneo ya starehe, na wakati mwingine alfajiri. Kikomo ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, au mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Mwenye abiria au mzigo asijipimie kikomo hicho. Anayeendesha kwa ajira asinywe kabisa, na kampuni za usafirishaji hazina subira na hilo.

Ukisimamishwa, zima injini, washa taa ya ndani, salimia. Mdomo wa kifaa unapaswa kuwa mpya na kufunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako, na unaweza kuomba uone hivyo. Puliza mfululizo mpaka kilie. Ukipuliza vipande vipande utarudishwa, na ukirudia utahesabiwa umekataa. Omba uione namba na uiandike pamoja na saa na mahali. Ikizidi, gari linabaki kituoni na wewe unangoja mahakama. Mzigo wa watu umesimama, mwenye mali anapiga simu kila nusu saa, siku ya kwanza imeisha, huenda na ya pili. Faini ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Anayekuja na lugha ya "tuyamalize hapa" anakuongezea kosa la pili, kwa hiyo kaa kimya na udai karatasi.

Wengi hawakamatwi usiku. Wanakamatwa asubuhi, wakiwa wameoga na kunywa chai. Chukua mwanamume wa kilo 70 aliyekunywa Nile sita kati ya saa moja na saa tano usiku. Mwili huondoa takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa moja, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayouharakisha. Ukipiga hesabu, saa moja asubuhi bado ana karibu miligramu 100, juu ya kikomo, na atasafika kabisa mchana. Dereva mmoja wa Nairobi tuliyemsindikiza kituoni alikuwa na hasira ya kweli, akiapa hajagusa kitu tangu jana. Alisema kweli, na kifaa nacho kilisema kweli. Dawa yake ni moja: ukinywa usiku, panga kuondoka baada ya chakula cha mchana, au mtafute dereva wa kukodi kabla hujaagiza chupa ya kwanza. Boda boda nayo ina masharti. Usipande umelewa bila kofia, na usipande ya mtu ambaye umemwona kwenye meza ya jirani.

Kuna jambo la lugha ambalo wageni wa Kiswahili hawalitarajii. Kiswahili Uganda ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, polisi na jeshi wanakitumia, na kituoni kitakusaidia kuliko unavyofikiri. Lakini kwa Baganda wa umri fulani, Kiswahili cha kufoka usiku kinakumbusha askari wa miaka ya 1970, wakati bunduki iliongea lugha hiyo. Ukishalewa na sauti ikapanda, wewe unajiona unachangamsha baraza, mwenye baa anasikia fujo inakuja. Shusha sauti, weka "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke, na utaona uso wa mhudumu ukilegea. Na fujo kweli ikitokea, fahamu kwamba unaweza kukamatwa kwa kuvuruga amani hadharani. Kunywa kwako hakukukamatishi, lakini kupayuka kwako kunaweza.

Kwenye sherehe, mambo hubadilika tena. Kwanjula, siku ya kutambulishwa kwa wakwe Buganda, pombe ni sehemu ya mahari yenyewe, na mwenge, yaani pombe ya ndizi, hupelekwa kwa kibuyu au dumu pamoja na kreti za bia na soda. Watu wa upande wa bwana harusi waliotoka Kisumu au Mwanza hufikiri kreti zaidi ni heshima zaidi. Kuna msafara uliofika na bia kwenye nyumba ya Waislamu. Kreti zilirudishwa garini mbele ya majirani, na msemaji wao alipiga magoti kuomba radhi kabla hajafungua mdomo kwa salamu. Muulize ssenga, shangazi wa binti, wiki mbili kabla: pombe inaingia au haiingii, ya aina gani, kiasi gani, na nani anaipokea. Msafara usinywe njiani. Bwana harusi asiguse kitu mpaka arudi kwao, na wenzake wasianze mpaka wenye nyumba wawape. Ukitaka kulewa, kuna kasiki, usiku wa kabla ya harusi, umewekwa kwa kazi hiyo.

Msibani ni kinyume. Siku za matanga unapeleka mabugo, mchango wa fedha, na kreti ya bia ni dharau hata kama wenyewe wanakunywa nyuma ya nyumba. Baadaye, kwenye kumalizia msiba rasmi, pombe itamwagika usiku kucha na utaalikwa bila haya. Bugisu nako, mwaka wa imbalu, yaani tohara ya vijana wa kiume, ambao huwa kila baada ya mwaka mmoja, miaka inayogawanyika kwa mbili, pombe ya ulezi ni sehemu ya ibada na kijana hupakwa kimea chake mwilini. Kunywa pale unapokaribishwa, uani, umeketi. Usiingie kwenye msafara wa wachezaji na chupa. Kuna vumbi, fimbo na watu wengi waliolewa kuliko wewe, na mwanamume mgeni anaweza kuulizwa maswali kuhusu mwili wake ambayo hatapenda kuyajibu hadharani.

Mwisho wa njia, Mutukula kwenye mpaka wa Tanzania au kurudi Malaba, wageni wengi hutaka kubeba zawadi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye miaka 18 na zaidi lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo bila ushuru, kwa matumizi yake. Iwe ya kiwandani, imefungwa, na risiti uiweke karibu. Dumu la lira-lira uliloletewa na wakwe liache kwa wakwe. Upande wa Tanzania hiyo ni gongo, na gongo ni kosa hata ikiwa ya zawadi. Mrija wa malwa unapita bila shida, ukiwa mkavu.